Alama Moja kwa Mwezi

Mshonaji alikuwa fundi hodari. Nguo aliyoishona haikufumuka hata uivute vipi. Binti yake wa miaka tisa aliitwa Chiriku kwa sababu ya maneno mengi. Pumu ikimbana, maneno yalikatika, na nyumba nzima ilikosa raha.

Chiriku alikuwa kwenye utafiti wa dawa za pumu. Watoto wa kundi moja walipewa dawa mpya, wa kundi la pili dawa ya zamani. Hakuna mzazi aliyejua mwanawe yuko kundi gani. Kila mzazi alipewa daftari: kila mara mtoto wako anapobanwa, weka alama.

Mwezi wa kwanza mshonaji aliweka alama tano. Kwenye benchi la zahanati akachungulia daftari la mama mwingine. Alama moja tu! Aliona aibu. Alijiona mama asiyejua kulea. Tangu siku hiyo aliandika alama moja kwa mwezi, Chiriku abanwe mara nne, abanwe mara sita.

"Ukiulizwa, sema mara moja," alimwambia binti yake.

Mwezi wa nne muuguzi wa utafiti alikuja nyumbani. Mara wakasikia mtu akihema kwa shida nyuma ya pazia. Chiriku alikuwa amejificha huko, amejiziba mdomo kwa gauni lake. Haraka muuguzi alimpa dawa ya kuvuta. Pumzi ilipomrudia akamuuliza, "Mbona ulijificha, mwanangu?"

"Mama ameshaandika ya mwezi huu."

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilia.

"Dada, nimewadanganya. Niliona haya. Mtamtoa mwanangu?"

"Hatumtoi. Lakini sikia, mama. Tukiuliza tu nani amebanwa, wa mara moja na wa mara sita wanakuwa sawa. Dawa inayopunguza sita kuwa mbili itaonekana haina kazi. Ndiyo maana tunahesabu kila mara. Kisha tunagawa kwa miezi tuliyomfuatilia mtoto, maana wa miezi miwili si sawa na wa miezi sita. Halafu tunalinganisha kundi na kundi, si mama na mama."

"Na miezi niliyoficha?"

"Unakumbuka idadi?"

"Sikumbuki."

"Basi tuandike 'haijulikani'. Hatubahatishi. Miezi hiyo haitaingia kwenye hesabu."

Mshonaji akayafuta maandishi yake ya uongo kwa mstari.

Utafiti ulipoisha, majibu yalisomwa. Kwa wastani, watoto wa dawa ya zamani walibanwa mara nne kwa mwezi. Wa dawa mpya, mara mbili. Chiriku alikuwa kundi la dawa ya zamani. Sasa akapewa mpya, na mama akaombwa aendelee kuandika.

Siku moja Chiriku alirudi kutoka shule na kupaza sauti mlangoni: "Mama, leo nimebanwa!"

Wateja watatu waligeuka. Aibu ilimpanda mshonaji hadi masikioni. Aliacha cherehani, akachukua kalamu.

"Saa ngapi, mwanangu? Nieleze yote."

Chiriku akaeleza yote, mpaka wateja wakaaga.