Lakiri Mbili za Lori Jeupe

Lori lilimponyoka kwenye mataa.

Nyigu, jasusi wa idara ya usalama, alipiga usukani wa Land Cruiser kwa kiganja. Genge lilikuwa limeiba dawa ya usingizi ya wagonjwa wa upasuaji na kuweka chupa bandia mahali pake. Malori matatu meupe, moja lina sumu. Saa nne mzigo ungeanza kwenda hospitali.

Redio ilikoroma.

"Nyigu, umelipata?" Alikuwa Mkuu wake.

"Limenipotea, Mkuu. Na hata sijui kama ndilo lenyewe."

"Waulize wenye mzigo."

"Nawauliza tangu saa kumi na mbili!"

Kweli aliwauliza. Kiwandani, meneja alimnywesha chai na kumnyima namba za lakiri, zile kufuli za plastiki zinazofunga milango ya malori. "Siri ya kampuni, dada." Kwa msafirishaji alitaka kujua malori yalisimama wapi njiani. "Leta barua, mama." Ghalani, mtunza stoo alimpa mgongo. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukweli, amekiatamia kama kuku.

Genge lilijua hivyo. Ndiyo maana lilithubutu.

Saa tatu na nusu.

Nyigu alirudi ghalani. Malori yote matatu, hata lile lililomponyoka, yalikuwa yameegeshwa, yanasubiri kushushwa. Akabwaga simu mbili mezani kwa mtunza stoo, spika wazi: kiwanda huku, msafirishaji kule.

"Sikilizeni. Kuna mtoto wa mtu anasubiri kupasuliwa leo. Atakayeficha neno, naanza naye. Kiwanda, soma lakiri!"

Kikohozi. Kisha namba, moja baada ya nyingine.

"Lori la tatu, 5541."

Mtunza stoo alitoka mbio kuangalia, akarudi jasho likimchuruzika. "Afande, pale ni 5547. Lakiri imebadilishwa!"

"Hilo lilisimama dakika arobaini kwenye gereji ya zamani njiani," msafirishaji alisema kwa sauti ndogo. "Tulidhani pancha."

"Mlidhani!"

Dakika tatu. Kazi ya dakika tatu, na asubuhi nzima amezungushwa kama pia!

Nje, injini iliunguruma.

Lori la tatu.

Nyigu aliruka dirishani, Glock mkononi. Risasi moja. Tairi likapasuka. Dereva akafungua mlango, bastola ikatangulia. Nyigu akausukuma mlango kwa bega, ukambana kifundo cha mkono. Bastola chini. Pingu.

"Mkuu, gereji ya zamani. Haraka."

Baada ya robo saa redio ikaita. "Dawa zote tumezikuta. Na wanne tumewatia mbaroni."

Simu ya Nyigu ikalia. Meneja wa kiwanda.

"Hongera, dada! Ila ripoti yako utupe sisi tu. Wenzetu wasiione."

Akakata. Ikalia tena. Msafirishaji. Ombi lile lile.

Nyigu alivaa miwani yake ya jua, akaelekea kwenye gari. Nyuma yake, simu ya mezani ghalani ilianza kulia.

"Afande!" mtunza stoo aliita. "Ni wao tena. Niwaambie nini?"

"Waambie wapigiane."

Akaondoka bila kugeuka.