Bwana Odo Aliyekunja Nne

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijatulia tumboni, Tamsin Yelland alikwenda na bibi yake kusafisha kanisa la kijiji chao, Yarcott. Bibi alisugua vinara vya shaba. Tamsin, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpangusa vumbi Bwana Odo.

Bwana Odo alikuwa sanamu ya jiwe. Alilala chali juu ya kaburi lake, upanga ubavuni, na miguu yake amekunja nne. Basi hiyo nne ndiyo iliyokuwa fahari ya Yarcott. Kila mtu pale kijijini alijua, wala hakuuliza amejuaje, kwamba askari aliyechongwa amekunja nne ni yule aliyekwenda Yerusalemu kupigana Vita vya Msalaba. Mzee Pascoe, mwoka mikate, aliuza biskuti za tangawizi zenye umbo la Bwana Odo, na ole wake msaidizi aliyetoa biskuti yenye miguu iliyonyooka!

Mwaka ule Tamsin alichaguliwa kusimulia habari za Bwana Odo mbele ya watu siku ya tamasha la kijiji. Aliitamani kazi hiyo tangu darasa la kwanza. Furaha ilimzidi mpaka akaanza kutia chumvi. Pua ya sanamu ilikuwa imevunjika ncha, naye aliwaambia wageni kwamba iliruka kwa upanga wa Mwarabu. Wageni walipumua "Lo!" na Tamsin akazidi kuvimba kichwa.

Rafiki yake Rima, ambaye wazazi wake walitoka Aleppo, nchini Syria, alipewa nafasi ya kuigiza Mwarabu adui wakati Tamsin akisimulia. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuanguka na kufa.

"Sikatai kufa," Rima alisema walipokuwa wakifanya mazoezi kanisani. "Darasa zima hakuna anayekufa vizuri kama mimi. Lakini huyu mzee nimemkosea nini?"

"Ni vita, Rima. Alikuja kwenu kupigana."

"Alifika kweli? Nani kakuambia?"

"We! Huoni miguu? Kakunja nne!"

"Ah, hata mimi hukunja nne nikingoja basi. Nimempiga nani?"

Tamsin alicheka hadi machozi. Kisha kicheko kikamkauka. Alimtazama Bwana Odo, akaanza kuikagua ile miguu upya.

Siku ya pili yake alimwendea Mchungaji Philippa, aliyekuwa akipalilia maua nje ya kanisa, akamuuliza waziwazi.

"Hatimaye kuna mtu kauliza!" Mchungaji alisema, akajifuta udongo mikononi. "Hakuna anayejua kama Odo aliwahi kuvuka hata bahari. Kukunja nne ulikuwa mtindo tu wa mafundi wa sanamu. Watu waliokuja mamia ya miaka baadaye ndio waliosema ni alama ya Vita vya Msalaba."

"Kwa nini waseme hivyo?"

"Walipenda kujiona mashujaa, mwanangu. Nchi yetu ilikuwa ikitawala nchi za watu, na babu shujaa anapendeza ukutani. Wafaransa walimtafuta shujaa wao, Wabelgiji nao wakamsimamishia wao sanamu. Kila mmoja alichagua alichokipenda, akaacha damu nje ya picha. Yerusalemu ilipotekwa waliuawa Waislamu na Wayahudi, wengi mno. Hilo halikutiwa kwenye biskuti."

"Sasa mbona hukuwaambia watu?"

"Nimewaambia kila mwaka. Wanatikisa kichwa, halafu wanakwenda kwa Pascoe."

Tamsin alirudi nyumbani roho ikimwuma. Akisema kweli, kijiji kitamzomea, na nafasi aliyoitamani miaka yote itakuwa aibu. Akinyamaza, atakuwa anadanganya huku akijua.

Siku ya tamasha mvua ilinyesha, kama kawaida yake, watu wakajazana kanisani na miavuli inayovuja. Tamsin alisimama kando ya kaburi, amevaa shuka jeupe lenye msalaba mwekundu. Alianza vizuri. Kisha akamwona Rima anatandika koti lake sakafuni taratibu, asije akachafuka akifa.

"Na miguu yake..." Tamsin aliigusa kwa kidole. "Miguu yake haituambii kitu. Hatujui kama alikwenda vitani. Waliokuja baadaye ndio waliomtuma huko, kwa sababu walitaka shujaa. Na ile pua, ile ya upanga, niliitunga mimi. Nisameheni."

Mzee Pascoe alisimama, sinia la biskuti mkononi, uso mwekundu kama nyanya.

"Kumbe! Sasa hizi biskuti zangu ni za nani?"

"Za mtu anayengoja basi!" Rima akadakia.

Kwanza alicheka mtoto mmoja, kisha benchi zima, kisha Mzee Pascoe mwenyewe mpaka sinia likatikisika. Bibi yake Tamsin akainua mkono kutoka nyuma.

"Na hiyo pua mngeniuliza mimi. Aliivunja marehemu mume wangu na ngazi yake, akitundika mapambo ya Krismasi. Nilimshikia ngazi mwenyewe!"

Hapo tena hapakusikika kitu kwa vicheko. Tamsin alicheka na kulia pamoja, kwa jinsi alivyojiona mwepesi.

Walipotulia, Bibi alimshika bega. "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, hata akikunja nne akajifanya amesafiri mbali. Uongo unaorithiwa nao ni uongo. Ukisikia jambo linalokusifu, hilo ndilo la kuuliza kwanza: nani kasema, na kwa nini? Leo umeuliza, ukakiri na lako. Hicho ndicho kitu cha kujivunia."

"Na mimi je?" Rima alilalamika. "Wiki nzima nimejifunza kufa!"

Mzee Pascoe akampa biskuti mbili. Rima akatia moja mdomoni, akafumba macho, akaanguka juu ya koti lake kwa madaha, huku akipiga kelele, "Tangawizi imeniua!" Alipolala chali, akakunja nne, na kanisa zima likampigia makofi.