Kiti cha Mbele cha Bibi Nola

"TAARIFA KWA UMMA. Mimi, Desmond Oakley, mwanachama wa kudumu wa Klabu ya Mpira ya Corrabeen, kwa moyo mweupe na akili timamu, natangaza kuunga mkono klabu kuhamia uwanja mpya wa Eastvale. Natoa bure nafasi yangu ya kuegesha gari kwenye uzio wa mashariki. Nimechoka na baridi, nimechoka na matope, na zaidi ya yote nimechoka kufuta kinyesi cha ndege kwenye kioo cha gari la jirani yangu, ambaye hata asante hajui."

Taarifa hii nzito ilitoka kwenye ukurasa wa klabu Jumatano mchana, kwa jina na picha ya Mzee Des, wakati Mzee Des mwenyewe alikuwa juu ya paa la banda lake la kuku anagongelea bati, suruali imechanika nyuma.

Saa hiyo bibi yangu, Nola Pettifer, alikuwa jikoni anakata vitunguu. Aliisoma simu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena.

"Tamsin."

"Naam, Bibi."

"Njoo unisomee hiki. Labda miwani yangu imezeeka."

Nikamsomea kwa sauti ya msoma habari, maana shule ya bweni, inayoniachia nyumbani likizo na kila Jumamosi, imenifundisha mambo mawili, kusoma vizuri mbele za watu na kutandika kitanda.

"Huyo jirani ni nani?" akauliza.

"Kulia kwa Mzee Des kuna tangi la maji, Bibi. Kushoto uko wewe."

Akaweka kisu chini.

Mtu wa Corrabeen haangalii mpira akiwa jukwaani, maana jukwaa hatuna. Unaegesha gari kuuzunguka uwanja, pua inagusa uzio, na timu ikifunga kila mtu anapiga honi. Nafasi zinarithiwa kama mashamba. Tangu Babu Cyril afariki, Bibi ndiye anayekaa kwenye usukani wa Holden yake nyekundu, na pembeni yake ni Mzee Des, mjane mwenzake, kwenye pikapu nyeupe. Majira yote ya baridi wanashusha vioo na kuongea. Yeye anapitisha pai ya nyama dirishani, Bibi anapitisha kikombe cha supu. Timu ikifunga, Mzee Des anapiga honi moja ndefu ya klabu, halafu moja fupi. Ile fupi mji mzima ulijua ni ya nani. Hakuna aliyesema.

Na kuna jambo lingine. Ijumaa jioni watu huacha magari yao pale ili kulinda nafasi, na juu ya Holden yetu kuna mti wanamolala kasuku. Jumamosi mchana Bibi alikikuta kioo cha mbele kinang'aa kila mara. "Klabu siku hizi inajali," alikuwa akisema, akiketi.

Sasa alijua si klabu. Alijua kwa kutukanwa.

Simu ikalia. Bibi akaitazama kama anayetazama panya.

"Ni yeye. Mwambie nakata vitunguu."

"Umeshamaliza kuvikata, Bibi."

"Mwambie naanza vingine."

Nikapokea.

"Tamsin, ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee Des. Bibi anakata vitunguu."

"Sawa. Ile simu yangu niliyokupa asubuhi unikuzie maandishi."

"Ndiyo?"

"Umeyakuza vizuri sana. Mji mzima umesoma."

Akakata. Mimi, mwandishi wa habari hii, nikajiambia laini imekatika kwa sababu ya mvua, nikayaacha hapo.

Bibi alimtumia ujumbe mmoja: "Asante kwa kioo. Usifute tena."

Jibu likaja: "Nola tuongee."

Hakuongea.

Alhamisi baada ya mazoezi, wanachama walikutana ukumbini kujadili kuhama. Mwenyekiti, Mama Raelene, aliweka picha ya uwanja mpya ukutani. Ulikuwa mzuri na mtupu kama meno ya bandia.

"Eastvale kuna paa," akasema. "Kuna taa. Kuna vyoo vyenye maji ya moto."

"Sijalipa ada ya klabu niende kuangalia choo," akasema Barney Quill, mwenye bucha.

"Barney, wewe kila mechi unajisaidia nyuma ya tangi. Utaijuaje tofauti?"

Ukumbi ukacheka. Barney akangoja wamalize.

"Na tutagawana uwanja na Wallford," akasema. "Wallford. Baba yangu alikufa hajawasalimia."

"Baba yako hakuwa anasalimia mtu yeyote, Barney."

Kirra Doyle, mama mwenye watoto watatu, akasimama na mmoja kiunoni. "Mimi nauliza tu. Mvua ikinyesha watoto wangu wakae wapi?"

"Kwenye gari, kama tulivyokaa sisi," akajibu mzee mmoja.

"Gari niegeshe wapi? Uzio mzima mmerithishana. Nina miaka sita hapa Corrabeen, mpira nauangalia kati ya matairi yenu."

Hapo hakuna aliyecheka. Bibi yangu akainuka taratibu, ameshika kiti cha mbele yake.

"Kirra, hilo ni kweli na linatia aibu. Nafasi nitakupa. Lakini mimi Cyril alinichumbia kwenye ule uzio. Alikufa timu inaongoza, honi zinalia, mimi nadhani amesinzia. Mkinipeleka Eastvale nitakaa kwenye plastiki na watu nisiowajua, na timu ikifunga nitapiga nini? Makofi?"

"Tumsikie aliyegawa nafasi yake bure," akasema Barney, akatoa simu. Akaisoma taarifa yote, neno kwa neno, mpaka kwenye kinyesi cha ndege.

Mzee Des alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Shingo yake ilikuwa nyekundu kuliko Holden yetu. Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Des," akasema Bibi. "Swali moja. Unautaka uwanja mpya au huutaki?"

"Nautaka, Nola."

"Basi."

"Lakini nilitaka..."

"Nimeuliza moja."

Nje mtu mmoja akabonyeza honi, ndefu, isiyo ya goli. Akafuata mwingine. Mzee Des akavaa kofia, akapita katikati ya magari yanayompigia honi, akaondoka. Mimi wakati huo nilikuwa nakagua dari, ambayo kwa kweli inahitaji rangi.

Jumamosi ilikuwa mechi na Wallford. Tulifika na chupa ya supu, na kwa mara ya kwanza nafasi ya kulia kwetu ilikuwa wazi. Hakuna aliyeichukua, hata Barney. Kioo chetu kasuku walikuwa wamekifanyia kazi usiku kucha.

Bibi akawasha vifuta kioo. Uchafu ukasambaa ukawa maziwa. Tukaangalia robo nzima, moja kati ya nne za mchezo wetu, tukiona vivuli vya wachezaji.

"Klabu siku hizi haijali," nikasema, nikidhani ni utani.

Timu ikafunga, honi zikalia uwanja mzima. Mkono wa Bibi ukaenda kwenye honi, ukakaa pale bila kubonyeza. Alikuwa anasikiliza kama kuna nyingine fupi itafuata.

"Maskini," akasema, kama anaongea na usukani. "Mgongo wenyewe ule mbovu. Sijui alikuwa anakuja kufuta saa ngapi."

"Alfajiri," nikasema. "Anapanda juu ya ngao ya mbele ya gari na..."

Nikauma pai niliyonunua langoni.

"Nani kakwambia alfajiri?"

"Si taarifa ilisema?"

"Taarifa haikutaja saa. Wala ngao."

Pai ilikuwa ya moto sana na sikuweza kuitema.

"Mzee Des hajawahi kuniandikia maneno zaidi ya manne," Bibi akasema. "Hata mkewe alipokufa aliniandikia 'Joan ametutoka leo.' Nilijua hilo tangu Jumatano, na hasira ikanifanya nisitake kulijua. Nani kaandika ile taarifa?"

"Ilitoka kwenye simu yake, Bibi."

"Sikuuliza simu ya nani."

Nikatazama mbele. Mbele palikuwa na kinyesi cha kasuku tu.

"Mimi."

Bibi akawasha gari. Robo ya tatu, dhidi ya Wallford, akarudi nyuma kutoka kwenye uzio. Corrabeen hakuna mtu aliyewahi kutoka katikati ya mechi isipokuwa Babu Cyril, na yeye alibebwa. Watu walisimama kutuangalia.

"Bibi, mechi bado."

"Funga mkanda."

Mzee Des alikuwa uani anafunga turubai kwenye pikapu. Chini ya turubai palikuwa na masanduku, kiti cha kukunja na kizimba cha kuku.

"Unakwenda wapi na kuku?" Bibi akauliza kupitia dirishani.

"Kwa dada yangu, mjini Adelaide. Kidogo tu."

"Kuku hawaendi mahali kidogo tu, Des. Tamsin, shuka."

Nikashuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye utangulizi na hoja. Ikapotea yote nilipoona kwamba suruali yake bado imechanika palepale.

"Mzee Des, ni mimi niliyeandika."

"Najua, mwanangu."

"Unajua?" Bibi akashuka na yeye. "Ulijua, ukakaa kimya wakupigie honi kama mwizi?"

"Ningesema nini, Nola? Niwaambie ni mjukuu wako? Yeye angerudi shuleni. Wewe ungebaki na hawa kila Jumamosi."

Bibi akatazama mikono yake. Aliyemfikisha hapo nilikuwa mimi. Nilitamani bweni, uji wake mbaya na kengele yake.

"Nilikuuliza swali moja tu," akasema. "Mbele za watu. Nilikufunga mdomo."

"Na nilikujibu ukweli. Nautaka."

"Kwa nini?"

Mzee Des akakaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Kule viti vimeshikana. Miaka yote hii nakujua upande mmoja wa uso. Napinda shingo kukuona dirishani, na nyuma yako kuna Tamsin anatafuna. Nilifikiri tukihamia kule, klabu yenyewe itanipangia kukaa na wewe. Nisingehitaji kuomba."

"Miaka yote hii ungeomba tu."

"Lile ni gari la Cyril. Na kiti cha mbele kina mwenyewe."

Wote wawili wakanitazama.

"Tamsin," akasema Bibi. "Hamia nyuma."

"Ndiyo, Bibi."

"Na hao kuku washushe kwanza."

Tulirudi robo ya mwisho ikiendelea, mimi nikiwa nyuma na chupa ya supu magotini na manyoya kwenye sweta. Mzee Des alishuka, akakifuta kioo kwa mkono wa shati lake, mbele ya watu wote, akarudi akaketi. Bibi akamtazama uso mzima. Nadhani hata yeye ule upande wa pili alikuwa haujui.

Barney akaja akaegemea dirisha. "Des. Sasa uko upande gani?"

"Bado nataka Eastvale."

"Na mimi bado nakataa," akasema Bibi. "Shika supu yako, Des, inapoa. Barney, Jumamosi ijayo nafasi ya pikapu ni ya Kirra na watoto wake. Waambie wenzako."

Tulifungwa na Wallford. Timu ilipopata goli lake la mwisho, lisilosaidia kitu, Bibi alipiga honi ndefu. Mzee Des akanyoosha mkono mbele yake, akapiga ile fupi.

Jioni niliagizwa kuandika masahihisho kwenye ukurasa uleule. Nikaandika: "Taarifa ya awali ilitokana na hitilafu ya kiufundi."

Bibi akasoma juu ya bega langu. "Huyo hitilafu ni mtoto wa nani?"

Nikafuta. Nikaandika: "Ulikuwa utani tu."

"Futa. Utani tunacheka. Mimi sijacheka tangu Jumatano. Andika ulikuwa unataka nini."

Nimekaa na simu muda mrefu, na hii ndiyo iliyotoka, baada ya Bibi kukataa nyingine zote.

Wanachama wa Corrabeen, Mzee Des hakuandika neno hata moja. Niliandika mimi. Nilimwona alfajiri moja nilipofuata sweta langu garini. Alikuwa anafuta kioo cha Bibi polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na nikajua siku moja atafungua mlango. Tangu Babu Cyril afariki, kile kiti cha mbele nilikuwa nakaa mimi. Nilitaka Mzee Des aende Eastvale peke yake. Nilimwona ukumbini amefungua mdomo, nikajua ananificha, nikaangalia dari.

Mzee Des, nisamehe.

Tamsin Pettifer, kiti cha nyuma.