Saa Kumi na Mbili za Tiketi

Kipanga aliruka kaunta, akamkaba fundi saa kabla hajaifikia bastola.

Lakini Kipanga alikuwa amechelewa.

Shavu likiwa limebanwa mezani, fundi alieleza bila haraka. Bomu limo ndani ya spika, kwenye mizigo, tumboni mwa ndege iliyoondoka saa nane zilizopita. Ikiwa hewani hakuna awezaye kulifikia. Waliomlipa wanataka lilipuke juu ya mji, nusu saa kabla ya kutua.

"Umelitegaje?"

"Linaanza kuhesabu ndege ikipaa. Tiketi inasema safari ni saa kumi na mbili. Nimeweka kumi na moja na nusu."

Ndege hiyo ndiyo aliyopanda mama yake Kipanga asubuhi, safari yake ya kwanza, anakwenda kumwona mjukuu. Alimsindikiza mwenyewe, akamfungia begi kwa kamba. Mama aliamini mwanawe anauza majokofu.

Akamwita Mkuu wa idara yake redioni.

"Iteremsheni popote."

"Popote ni maji, Kipanga. Kilomita karibu elfu tatu. Uwanja wa karibu ni huohuo wanaokwenda."

Kiunoni alikuwa na Beretta iliyojaa risasi, mkononi simu ya setilaiti. Vyote havikumsaidia kitu. Majasusi tisa aliwahi kuwashinda mbio, lakini ndege nani huishinda? Akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyefiwa. Aliogopa, na hakuficha.

Kisha akaanza kupiga hesabu nyuma ya risiti. Kilomita elfu tisa na mia tano, mwendo mia nane hamsini kwa saa. Saa kumi na moja na dakika kumi.

Akarudia. Jibu likawa lilelile.

"Fundi, umewahi kupanda ndege?"

"Sijawahi."

"Inaonekana. Kwenye tiketi mashirika ya ndege huongeza dakika za kujikongoja ardhini na za foleni, ili wasionekane wamechelewa."

Fundi akawataja waliomtuma, wote wawili.

Dakika ishirini za kupona. Halafu Mkuu akasema kuna upepo wa mbele.

Dakika kumi na tano.

Dakika kumi.

Kipanga hakuwa na la kufanya ila kuitazama Casio yake. Aliomba, yeye ambaye mama humgombeza kwa kutosali.

Ndege ilitua zikiwa zimebaki dakika nane. Abiria waliteremka kwa mitelezo ya mpira ya dharura, wakakimbizwa mbali. Spika ikalipukia ndani ya ndege tupu.

"Wote wazima," Mkuu akasema redioni.

Muda si mrefu simu ikalia.

"Mwanangu, tumefika. Ila hukuniambia kama kwenye ndege watu hushuka kwa kuserereka. Sketi yangu imechanika."

"Samahani, mama. Nilisahau."

"Na wewe, majokofu yanatoka?"

"Yanatoka, mama."

Kipanga akawakabidhi polisi yule fundi, akavaa miwani myeusi ili wasimwone macho, akaondoka taratibu, mikono mfukoni.