Isale la Noel

— Noel, huyu Harold Pinnock ni nani kwako?

Nilimsukumia simu yake mezani, kwangu Thornton Heath, London. Alinipa mwenyewe nichague picha ya kadi ya harusi. Katikati ya picha zetu nikakuta kaburi: HAROLD PINNOCK, mkulima wa kijiji hiki na wa Moshi, Tanganyika.

— Gladness, ngoja nikueleze...

— Sitaki maelezo. Nataka jibu.

— Ni baba yake babu. Alizaa na mtumishi wake wa ndani, Ndeanasia, akawakana yeye na mtoto. Akarudi Uingereza kufia kwao.

Jina la Pinnock nililijua kabla sijajua kusoma. Kwetu Moshi, bibi alikuwa akinyoosha kidole kule chini kwenye mashamba: "Pale ndipo Pinnock alipong'oa migomba yetu, wazee wetu wamelala chini yake." Sijasahau. Sitasahau.

— Umejua lini?

— Pasaka. Nilikwenda hadi kijijini kwao. Nikaogopa kukupoteza.

— Nililitaja jina hilo kwa kipaza sauti, kwenye mkutano wa kudai ardhi yetu kule Peckham, mwezi wa sita! Wewe umekaa kiti cha mbele unapiga makofi!

— Makofi yalikuwa ya kweli, Gladi.

— Toka.

Siku tatu nikapokea meseji zake, sikujibu hata moja. Ya mwisho ilisema: "Jumapili nakuja kwa shangazi. Unifukuze mbele yake."

Jumapili, shangazi Generosa, aliyenilea, akafungua mlango. Noel kasimama na mti ndani ya chungu.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba. Na hiki?

— Isale. Nimekuja kuomba radhi.

Kwetu Uchaggani mkosaji huleta jani la isale lililofungwa fundo, na aliyekosewa halikatai. Jani moja! Huyu mzaliwa wa London kabeba mti mzima kwenye basi, kibandiko cha bei bado kinaning'inia.

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta.

— Baba, umekosa nini hadi utuletee shamba zima?

— Kosa langu ni jani moja, shangazi. Nilimficha Gladi ukoo wangu. Yaliyobaki ni ya Pinnock. Yeye hakuleta.

Nikachuma jani, nikampa. Akafunga fundo, akanirudishia.

— Hili lako nimelipokea, nikasema. Ya Pinnock siyapokei sebuleni kwa shangazi. Atayatoa kwao, kaburini kwake.

Jumamosi tukapanda treni kwenda kijijini kwa Pinnock, chungu mapajani kwangu. Makaburini bibi mmoja wa Kizungu alikuwa akipunguza majani.

— Mnamtafuta nani?

— Huyu, Noel akajibu kwa sauti, akionyesha kaburi la Pinnock. Mimi ni kitukuu chake na Ndeanasia. Na huyu ni mchumba wangu. Shamba la Moshi lilikuwa la kwao.

Bibi akatutazama, akalitazama kaburi. Noel akatua chungu juu yake, akanishika mkono.

— Mti huo baridi itauua, bibi akasema taratibu.

— Tutaleta mwingine, nikamjibu. Kila mwaka, mimi na mume wangu.