Douane Haenei Chini ya Kitanda

Naapa kwa miaka thelathini na mbili niliyoendesha treni: habari hii ni kweli tupu. Nikidanganya hata neno moja, imbwa alale katika salon yangu ya kupokelea wageni, juu ya kiti changu mimi mwenyewe, Stanislas.

Siku ile soko lilijaa. Aaron, mtoto wa mdogo wangu, alipita kati ya meza za vitenge na shati lake jeupe la kazi, akivutwa na imbwa mkubwa kama ndama. Imbwa huyo anaitwa Douane, yaani forodha, maana hakuna mtu anayepita bila kusimamishwa naye. Mbele ya binti muuza vitenge mwenye libaya, blauzi ya kitenge, ya rangi ya chungwa, Douane alisimama, akajinyoosha, akalala juu ya kitenge kipya.

— Weye, bwana! Imbwa yako iko analala pa wax yangu!

— Pardon, mama muzuri. Nitalipa.

— Utalipa, na utakivaa!

Juma lililofuata Aaron alirudi na shati la kitenge kilekile, maua ya njano mpaka kwenye kola. Yule binti, Chadia, mtoto wa mzee Zakari fundi cherehani, alicheka mpaka akaketi chini.

Miezi sita simu hazikupoa.

— Umekula, chéri?

— Nimekula. Kukuona tu ndiyo bado.

Halafu Chadia akaja kuangalia chumba watakachoishi wakioana. Chumba kimoja, lupango moja, yaani kiwanja kimoja, na wapangaji wanne, ukuta wa kuizunguka hakuna. Akatoa mita ya baba yake, akapima.

— Kitanda hapa. Meza hapa. Musala wangu wa kuswalia hapa. Douane wapi?

— Chini ya kitanda.

— Kichwa kitaenea, mukia utalala kwa jirani! Kushinda amefungwa kamba, ile ni maisha? Hapa inafaa paka. Anapita pa dirisha, panya zinakwisha.

Aaron, aliyemuokota Douane chini ya lori, imbwa angali mdogo, akawaka.

— Sema tu haunitaki.

Chadia akakunja mita, akaondoka. Simu zikanyamaza.

Wiki mbili baadaye Aaron alinishikisha kamba ya Douane, macho mekundu.

— Papa mukubwa, umupeleke Kasumbalesa, kule mpakani, umupe dereva wa lori. Bila Chadia siwezi.

Nikampeleka. Dereva akampokea, wakaingia Zambia. Lakini siku ya tatu Douane akarudi kwa miguu! Kilomita tisini! Mpakani alipanga foleni kama watu wote, wabadilisha pesa wakamsalimia kwa jina, na Jumapili mchana akaingia kwangu, mtaa wa Makomeno, saa ileile niliyowaita Aaron na Chadia wapatane.

Chadia akamkumbatia imbwa shingoni, akalia.

— Aaron, nani alikuambia umutupe? Nilisema chumba iko kidogo. Sikusema roho yangu iko kidogo!

— Nilizani unanikataa.

— Muntu anapima chumba ya bwana asiyemutaka?

Aaron akasogea karibu.

— Basi... nije kwa mzee Zakari na posa?

— Ukuje. Na shati ile ya maua.

Nilikuwa naanza kueleza Douane alivyovuka mto mmoja akiwa juu ya tairi, mke wangu Agnès akatokea jikoni.

— Papa Stani. Kilomita tisini, na makucha safi hivi? Na kamba yangu ya kuanika nguo inafanya nini pa shingo yake? Nyama yangu ya juzi, ni nani alikula kule garaji?

Nikakohoa. Ukweli ni kwamba tulifika kituo cha basi tu. Douane aliniwekea kichwa kwenye goti. Nikashindwa, nikarudi naye kimya-kimya, nikamficha garaji.

Chadia hakucheka. Akatoa mita, akapima ukuta wa lupango yangu, geti, salon, halafu kiti changu.

— Papa mukubwa, hapa anaenea vizuri.

Aaron na Chadia sasa wana paka kwenye chumba chao. Jina lake Visa, anapita popote. Mimi habari hii naiandikia jikoni, juu ya kigoda cha Agnès. Kiti changu kina mwenyewe, na anakoroma.