Bandi Kwenye Ovaroli ya Ngazi

"Nani alikufundisha kushona hivi?"

Ovaroli ilitua juu ya cherehani na kukifunika kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. Kimya akainua macho. Mumewe alikuwa mlangoni, rangi nyeupe imemkaukia kwenye nyusi, na saa ilikuwa nane tu mchana. Siku zote hurudi giza limeshaingia. Mtaani wanamwita Ngazi kwa sababu ni fundi rangi na nusu ya maisha yake imepita hewani. Mkewe wanamwita Kimya, na hilo halihitaji maelezo.

Katikati ya chumba alisimama mteja ndani ya gauni lililojaa pini kutoka kwapani hadi magotini. Hakuweza kukaa wala kutoka.

"Karibu, shemeji," mteja akajaribu.

"Asante, dada. Sikuja kwa wema." Akaipindua ovaroli. Nyuma ilikuwa wazi kutoka kiunoni hadi pajani. "Mke wangu, hii ni nini?"

"Imefumuka."

"Imefumuka. Kama vile imejifumua yenyewe. Nilikuwa juu kabisa ya ngazi, kwenye jumba la watu, mwenye nyumba yuko chini na wageni wake. Nikanyoosha mguu nifikie kona, ikaachia yote kwa pamoja, chupi nje. Unajua nyapara alisema nini? Alisema rangi nyekundu haikuwemo kwenye mkataba."

Mteja akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Cheka tu, dada. Kule wamecheka watu kumi na moja. Hata Ngazi siitwi tena, naitwa Dirisha. Na kikundi changu cha mafundi amepewa mwingine akiongoze mpaka nijifunze kuvaa."

"Pole," Kimya akasema.

"Pole yako kaa nayo. Nimepita kwa fundi wa sokoni anipigie mashine. Akaangalia ndani, akaniangalia mimi, akaniuliza, una ugomvi na aliyeshona? Nikamwambia ni mke wangu. Akaniambia hii ni bandi, uzi wa kushikilia nguo kabla haijapigwa mashine. Akasema hakuna fundi anayesahau bandi kwenye makalio ya ovaroli. Imewekwa."

Kimya akakishika kidole chake cha shahada, kile chenye alama za sindano, akakibinya. Simu ya Ngazi ikaita. Akaweka spika makusudi.

"Kaka, umeshamuuliza?" Alikuwa wifi wa Kimya, dada mkubwa wa Ngazi, mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Ndiyo namuuliza."

"Unachelewa nini? Mwanamke anayemvua mume wake mbele za watu ana mtu. Anataka uondoke mwenyewe yeye abaki msafi. Wifi, unanisikia? Miaka sita nasema huyu mtoto hana neno mdomoni, kumbe maneno anayashona."

"Nakusikia, wifi," Kimya akasema taratibu.

"Basi nijibu."

Kimya akaichomoa sindano kwenye kitambaa.

"Umeona? Kaka, fungasha. Chumba changu cha uani nimeshakifagia."

Simu ikakatika. Ngazi akavuta begi kutoka juu ya kabati, akaanza kutupia mashati bila kuyakunja. Kimya alimhesabia kimoyomoyo. Moja. Mawili. Alijua akifika la saba atatoka, kwa kuwa mashati yake yalikuwa saba.

"Una mtu?" Ngazi akauliza bila kugeuka.

"Sina."

"Basi nimekukosea nini hata unichukie namna hii?"

"Sikuchukii. Haikutakiwa kufumukia kazini."

Mkono wa Ngazi ukasimama kwenye shati la nne.

"Ilitakiwa kufumukia wapi?"

"Hapa. Asubuhi. Ukiinama kufunga kamba za viatu." Kimya aliongea huku akiitazama sindano. "Lakini leo ulichelewa kuamka, ukatoka na ndala, viatu umevibeba mkononi. Hukuinama."

Mteja alikuwa ameacha kucheka.

"Nifafanulie, mke wangu, maana mimi darasani sikukaa sana. Ulipanga nichanike suruali ndani ya nyumba yangu. Kwa faida gani?"

"Ili nikushonee ukiwa umeivaa."

"Nini?"

"Vifungo pia ni mimi. Tangu mwaka jana. Nilikuwa navitia uzi mmoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikusimama. "Kifungo kikikatika ulikuwa unakuja, unasimama hapa mbele yangu, nashona kifuani pako. Dakika mbili. Unanihadithia kidogo. Halafu ukaacha, ukawa unalitupa shati juu ya cherehani na kuondoka. Ndipo nikafikiria ovaroli, kwa sababu huna nyingine. Ungelazimika kusubiri."

"Una wazimu."

"Labda."

"Miaka sita ulikuwa na mdomo. Ungesema, mume wangu njoo ukae."

"Nilisema mara ya kwanza. Ukasema umechoka. Mara ya pili ukasema nisubiri Jumapili. Jumapili ukaenda kijiweni. Sikusema mara ya tatu."

"Kijiweni nafuata nini, unajua?" Ngazi akalitupa shati la tano, likaanguka nje ya begi. "Kule naambiwa mkono wangu hauna doa. Mtu anaangalia ukuta wangu anasema huyu ni fundi. Hapa naingia naambiwa chakula kipo mezani. Kila siku, chakula kipo mezani. Hata hotelini wanakusalimia."

"Sikujua unataka kusifiwa."

"Mwanaume haombi kusifiwa."

"Na mwanamke anaombaje kuangaliwa?"

"Jamani," mteja akasema. "Mimi naomba kukojoa, na naomba kwa sauti. Fundi, nitoe pini hizi. Nanyi mkibaki, ombaneni vitu kama watu wazima, msitegeane."

Kimya akamtoa pini moja moja, na mteja akaondoka bila kuaga. Ngazi akafunga zipu ya begi. Mashati mawili yalikuwa bado kwenye msumari.

"Hata kama ni kweli," akasema, "wewe ulitaka dakika zako mbili, mimi nimepoteza jina langu. Hilo utalishonaje?"

Kimya akaitazama simu ya mumewe juu ya meza. Kimya huwatuma watu wapige simu kwa niaba yake, hata za wateja wake mwenyewe. Akaichukua, akatafuta jina la nyapara, akapiga.

"Unafanya nini?"

Simu ikapokewa. "Enhe, Dirisha, umepata suruali?"

"Si yeye. Ni mke wake." Akaishika simu kwa mikono yote miwili. "Ile ovaroli niliishona mimi, nikaishona vibaya kwa makusudi, kwa ugomvi wa nyumbani. Si uzembe wake. Ukitaka kucheka, unicheke mimi."

"Mama, ile ilikuwa utani tu."

"Kikundi umempa mwingine, huo si utani. Mimi huwa napita kwenye ukuta wa zahanati alioupaka yeye. Nazunguka, si njia yangu, naenda kuutazama. Haujachuruzika hata mahali pamoja, na pembe zake zimenyooka kama nimezikata kwa mkasi. Nina kazi ya kunyoosha vitu kila siku, najua ilivyo ngumu. Sijawahi kumwambia. Basi nakwambia wewe."

Nyapara akakohoa. "Mwambie aje kesho. Tutaongea."

Kimya akairudisha simu mezani. Ngazi alikuwa ameduwaa, begi begani.

"Zahanati unaenda lini?"

"Jumapili. Ukiwa kijiweni."

Kimya akaivuta ovaroli, akafumua bandi yote hadi mwisho, akapiga mashine mara moja, akarudia mara ya pili juu yake. Akakata uzi kwa meno.

"Hiyo haifumuki tena," akasema. "Na mashati nitayarudia yote, hata yaliyomo begini. Hutakuwa na sababu ya kusimama hapa. Kwa hiyo nakuomba, ili usiseme sikusema. Naomba ukae na mimi jioni, simu ukiwa umeizima. Ukikataa, nenda kwa dada yako, sitakufuata."

Simu ikalia kwa ujumbe wa dada yake. Ngazi akausoma kwa sauti bila kujitambua. "Umefika wapi?"

Akaandika jibu kwa kidole chenye rangi, polepole, na kumwonyesha mkewe kabla ya kulituma: *Sijatoka, dada. Napimwa ovaroli mpya.*

Akaizima simu, akateremsha begi, akaja kusimama mbele ya cherehani.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Na ukuta wa zahanati utaniambia tena. Vizuri. Si kupitia kwa nyapara."

"Nitakwambia."

"Basi nipime."

Vipimo vyake vyote Kimya alivijua kwa moyo, kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na Ngazi alijua kwamba anavijua. Hata hivyo Kimya akaivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake.

"Nyoosha mkono," akamwambia.